Nguo ya Kupimwa na Gharama Yake

Mahitaji makubwa ya binadamu hutajwa kuwa matatu: chakula, mavazi na malazi. Chakula huliwa kikaisha, na nyumba hujengwa mara moja au mbili katika maisha ya mtu. Lakini nguo hukaa nasi mwilini mchana kutwa, ikatutambulisha kwa watu kabla hatujafungua kinywa. Katika insha hii tumekusudia kulitazama swali moja ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za nchi yetu kila ukaribiapo mwezi wa Januari, au sikukuu, au harusi: je, nguo iliyokatwa na kushonwa na fundi kwa kipimo cha mvaaji inastahili gharama yake, ikiwa sokoni ipo nguo iliyokwisha shonwa kwa nusu au robo ya bei hiyo?

Swali hili lilitujia nyumbani kwetu wenyewe. Binti yetu alikuwa amepata kazi ya ualimu katika shule ya sekondari iliyo mbali, naye alikuwa na wiki mbili za kujitayarisha. Jioni moja aliketi mezani na karatasi na kalamu, akapanga matumizi yake: nauli, godoro, ndoo, jiko, na mwisho nguo. Tulimshauri apeleke vitambaa kwa fundi, ashonewe magauni mawili na sketi mbili za kufundishia. Akatujibu kwa upole, "Baba, kwa fedha za gauni moja la fundi ninapata magauni matano ya mitumba pale Mchikichini, na yote mazuri." Jibu tulilompa usiku ule halikuwa jibu. Tulimwambia kwamba zamani watu walivaa kwa heshima. Alinyamaza kwa adabu, akaendelea na hesabu zake. Tulipolala tuliona haya, kwa maana mtu aliyeonyeshwa hesabu akajibu kwa kusifu zamani amekwisha shindwa. Haya tuyaandikayo ni jibu tulilopaswa kumpa, na msomaji ataona kwamba sehemu yake moja tulijibiwa sisi.

Tuanze na lugha, kwa sababu mara nyingi hukumbuka mambo ambayo wenyewe tumeyasahau. Vipimo vya nguo vya wazee wetu vilitoka mwilini mwa mtu. Shubiri ni urefu wa kiganja kilichotanuliwa, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa ni toka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole. Dhiraa mbili ni wari moja, na wari mbili ni pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa kama ya mtu akaribishaye mgeni. Chombo cha kushonea tunakiita cherehani, neno lililo karibu na cherehe, yaani gurudumu la kunolea visu, na kila aliyekanyaga cherehani ya miguu anajua kwamba uhai wake uko katika gurudumu. Naye mwenye chombo hicho tunamwita fundi. Neno hilo lina ukoo mmoja na kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa hiyo fundi na mwalimu, katika Kiswahili, ni watoto wa nyumba moja, na ndiyo maana tunadhani insha hii haikupotea njia kwa kuwafikia walimu.

Kitambaa chenyewe kimekuwa mgeni kwetu kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walileta Unguja shuka imara za pamba, na mpaka leo tunaziita merikani. Kaniki na vitambaa vingine vilitoka upande wa Bara Hindi. Lakini tuangalie jambo moja: vitu hivyo vilifika vikiwa magora, si vikiwa nguo. Umbo lilitolewa hapa. Hapa ndipo kanzu ilipokatwa ikatiwa darizi kifuani kwa mkono, na kofia ya viua ikatobolewa na kushonwa tundu kwa tundu kwa majuma mengi. Hata baada ya Uhuru mambo yalikuwa hivyo. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na viwanda vya Mwanza na Musoma vilipofuata, kazi yao ilikuwa kufuma na kutia rangi. Kukata na kushona, kwa sehemu kubwa, kulibaki kwa fundi wa barazani. Suti ya Kaunda, ile ya mikono mifupi isiyotaka tai, iliwafaa watumishi wa serikali kwa sababu hiyo pia: fundi wa mji mdogo aliweza kuishona, maana haikudai bitana nzito wala maarifa ya koti la Kizungu.

Sisi tulikulia Korogwe, ambako baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1984 tulichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na shule ilitaka suruali mbili za kaki na mashati mawili meupe. Miaka ile nguo ilikuwa adimu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, lakini fedha za kigeni zilikuwa chache, viwanda vilikosa vipuri, na watu walipanga foleni tangu alfajiri wakisikia kwamba duka limepata kitambaa. Baba alipata kaki kwa taabu ambayo hakupenda kuieleza. Akatuchukua mpaka barazani mwa duka moja ambapo fundi mzee alikuwa na cherehani yake ya miguu, na pasi ya mkaa pembeni ikitoa moshi mwembamba.

Tunakumbuka namna alivyotupima. Hakuwa na haraka. Alitugeuza, akatutazama miguu, kisha akatazama miguu ya baba. Akamwambia, "Mzee, huyu bwana mdogo atakuwa mrefu kama wewe. Nitamwachia vidole vinne chini na vidole viwili nyuma ya kiuno." Mama, aliyekuja kuhakikisha kwamba kitambaa hakipotei, hakuridhika. Akauliza, "Fundi, mbona kitambaa kingi hivyo unakificha ndani, na tumekipata kwa shida?" Fundi akajibu bila kuinua macho, "Mama, sikifichi. Ninamwekea mtoto akiba yake." Ujira alioutaja ulizidi ule wa fundi wa sokoni, na njiani mama alinung'unika. Baba hakusema neno, ila alilipa.

Suruali zile tulizivaa miaka minne. Pindo la miguu lilifunguliwa mara tatu, na la kiuno mara mbili. Kila lilipofunguliwa, kaki iliyokuwa ndani ilitoka ikiwa na rangi yake ya asili, na ile ya nje ilikwisha pauka kwa jua na sabuni. Ukabaki mstari kuzunguka mguu, mahali mkunjo wa zamani ulipokuwa. Tulipofika kidato cha nne tulikuwa na mistari mitatu, na wenzetu walituita askari wa nyota tatu. Tuliona aibu sana. Siku moja tulipaka mistari ile majivu ya jikoni ili ififie, tukapata kuchapwa kwa uchafu. Miaka mingi ilipita kabla hatujaelewa kwamba ile haikuwa mistari ya umaskini. Baba alituona tungali wadogo akagharimia urefu ambao haujawa bado.

Basi huo ndio ushahidi wa kwanza, nao uko upande wa fundi. Ushahidi wa pili unahusu mwili wetu. Tulipokuwa na umri wa miaka tisa tulianguka kutoka juu ya mwembe, tukavunjika mtulinga wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini bega lilibaki chini kidogo ya jenzake. Mwenye shati haoni kasoro hiyo. Mwenye koti huiona. Mwaka 1996, tulipooa, tulinunua dukani suti iliyokwisha shonwa, ya rangi ya kijivu, nzuri kwa kitambaa chake. Katika picha ya harusi mkono wa kushoto wa koti umefunika vidole, na ukosi umeinuka upande mmoja kama mtu anayevutwa sikio. Aliyeikata suti ile hakutukosea. Alikata kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, mtu wa wastani mwenye mabega sawa, na sisi tukajaribu kumwigiza mtu huyo mbele ya watu mia mbili.

Miaka minane baadaye tulihitaji koti kwa ajili ya safari ya kikazi. Fundi wa Magomeni tuliyepelekwa kwake na rafiki alitupima bega la kulia, akaandika. Akatupima la kushoto, akatulia kidogo, akapima tena, akaandika. Hakuuliza tulianguka wapi. Hakusema "pole". Siku ya kujaribu koti tulisimama mbele ya kioo chake chenye ufa, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni tukajiona tumesimama sawasawa. Tulipopapasa bega la ndani tuligundua tabaka moja la pamba lililozidi upande wa kushoto. Koti hilo tulilivaa miaka kumi na minne, likabadilishwa bitana mara moja. Tunaweza kueleza bei ya kitambaa chake na bei ya ufundi wake. Bei ya kule kunyamaza kwa fundi hatuna namna ya kuieleza.

Lakini haingekuwa haki kutaja mashahidi wa upande mmoja tu. Mafundi wetu wana makosa, na msomaji bila shaka anayajua. Kosa kubwa ni ahadi. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini wako mafundi ambao kwao ahadi ni njia ya kumwondoa mteja mlangoni. Mwaka mmoja tulipeleka kitambaa cha kanzu wiki tatu kabla ya Idd. Tukaambiwa Jumatatu, kisha Alhamisi, kisha "kesho asubuhi, bado vifungo tu". Usiku wa kuamkia Idd tulikikuta kitambaa chetu kikiwa bado kimekunjwa kama tulivyokileta. Tuliswali kwa kanzu ya kuazima kwa jirani, fupi kwa shubiri nzima, tukauthibitisha ukweli wa methali kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Yako pia makosa mengine: kitambaa kukatwa ovyo, vipande vilivyobaki kutorudishwa, na mshono kuachia siku ya kwanza. Mtu aliyenunua nguo iliyokwisha shonwa ameepukana na mashaka hayo yote. Anaiona, anaijaribu, analipa, anaondoka nayo. Hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye shughuli.

Hata hivyo, kosa ambalo limetufundisha zaidi ni letu wenyewe. Wakati fulani tulitaka suruali mbili za kuendea kazini. Fundi alitaja ujira wake, tukamshusha. Akataja mwingine, tukamshusha tena, tukamtajia na bei za mitumba ili kumkata maneno. Mwishowe alikubali kwa sauti ndogo, tukaondoka tukijisifu. Suruali zilikuja kwa wakati, na kwa nje zilikuwa safi kabisa. Baada ya miaka miwili kiuno chetu, kama kilivyo kiuno cha makarani wengi wenye umri wetu, kiliongezeka. Tukazipeleka zikafunguliwe. Fundi alizigeuza ndani nje, akatuonyesha: pindo la nyuma lilikuwa na upana wa ukucha. Akasema kwa heshima, "Mzee, hapa hakuna kitu cha kuachia. Siku ile ulinipa fedha ya mshono, hukunipa fedha ya akiba." Wala hakutudhulumu. Kukata kwa akiba kunataka kitambaa zaidi na muda zaidi, na tulikuwa tumenunua kimoja bila kingine. Kile tunachokipunguza kwenye bei hupunguzwa mahali tusipopaona, nasi hukigundua siku tunayokihitaji.

Sasa na tuseme juu ya mitumba, kwa sababu ndiyo mshindani mkubwa wa fundi. Nguo hizi zilianza kuingia kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa. Wengine waliziita "kafa Ulaya", wakidhani wenye nguo walikwisha kufa. Na watu walizinunua jioni, na wakazivaa kwa kujificha. Leo hakuna anayejificha. Ni wajibu kukiri kwamba mitumba iliwavika wananchi wengi wakati ambapo maduka yalikuwa matupu, na kwamba vitambaa vyake mara nyingi ni imara. Pia haikumuua fundi kama ilivyotabiriwa. Ukienda pembezoni mwa masoko ya mitumba utawakuta mafundi wamepanga cherehani zao, wakipunguza viuno, wakifupisha mikono, wakigeuza koti la mtu mkubwa wa nchi ya baridi kuwa la kijana wa Temeke. Nguo ya mtumba, kabla haijamkaa mnunuzi wake, mara nyingi hupitia mikononi mwa fundi.

Lakini kuna upande wa pili. Mkulima wa Simiyu na Shinyanga analima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje kabla haijawa uzi. Tunauza pamba, tunanunua nguo iliyokwisha valiwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo mwaka 2019. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na nchi hiyo ikatishia kuondoa nafuu ya kodi kwa bidhaa zetu. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea na kodi yake kubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo katika soko la Marekani. Tunalitaja jambo hili kwa ufupi ili kijana asidhani kwamba bei ndogo ya shati la mtumba ni jambo la sokoni tu. Liko katika bei hiyo neno lililosemwa mezani na watu wasiomjua.

Baada ya usiku ule wa haya tulirudi mezani kwa binti yetu, safari hii na karatasi yetu wenyewe. Tulichukua mfano wa suruali, kwa kuwa tulikuwa na kumbukumbu zake. Suruali ya fundi: kitambaa shilingi 22,000, ujira shilingi 18,000, jumla shilingi 40,000. Tukisema itavaliwa miaka mitano, kila mwaka ni shilingi 8,000. Suruali ya mtumba: shilingi 10,000, na kuipunguza shilingi 3,000, jumla shilingi 13,000. Ikivaliwa miaka miwili, kila mwaka ni shilingi 6,500. Binti yetu alitabasamu. Hesabu haikutupa ushindi tulioutaka.

Tukakumbuka pindo. Tukaandika tena: suruali ya fundi yenye akiba, ikifunguliwa mara mbili kwa shilingi 3,000 kila mara, inafikia shilingi 46,000, lakini sasa itavaliwa miaka minane, na kila mwaka ni shilingi 5,750. Kwa hiyo faida yote ya nguo ya kupimwa, ukiitazama kwa fedha tu, iko katika zile inchi chache zisizoonekana. Nguo ya fundi isiyo na akiba ni ghali kuliko mtumba. Nguo ya fundi yenye akiba ni nafuu kuliko mtumba. Tulidhani tumemaliza.

Binti yetu akaitazama karatasi kwa muda, kisha akasema, "Baba, hesabu yako ni sahihi. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye shilingi 40,000 leo. Mimi leo nina 13,000. Miaka minane siwezi kuilipia kwa siku moja." Hapo ndipo tulipojibiwa. Ni kweli kwamba kitu cha kudumu ni nafuu kwa anayeweza kukilipia mapema, na kwamba maskini hununua mara nyingi kwa sababu hana cha kununulia mara moja. Anayemlaumu kwa kupenda rahisi anamlaumu kwa kitu asichokichagua. Tukamkumbuka baba kwenye baraza ya Korogwe, aliyenyamaza na kulipa, tukajiuliza kwa mara ya kwanza mwezi ule alikosa nini yeye.

Shauri tulilofikia lilikuwa la wastani. Tulikwenda pamoja kwa fundi, tukamweleza hali ilivyo. Akakubali kulipwa nusu wakati wa kupima na nusu baada ya mshahara wa kwanza, kwa dhamana yetu. Akashona gauni moja na sketi moja. Hatukumshusha bei, ila binti yetu mwenyewe alimwambia, "Fundi, uniachie vidole vinne," naye fundi akacheka, akauliza maneno hayo aliyapata wapi. Nguo nyingine nne alizinunua Mchikichini kama alivyotaka tangu awali, na mbili kati ya hizo fundi huyo huyo alizipunguza. Akasafiri.

Likizo ya kwanza aliporudi alituletea habari ambayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Alisema kwamba darasani mwake yupo msichana aliyekuwa haandiki ubaoni hata akiitwa. Alidhaniwa kuwa mkaidi. Baadaye binti yetu alimwona akitembea huku akiivuta sketi yake chini kwa mkono mmoja, akaelewa: msichana amekua, sare imebaki, na mkono ukiinuliwa ubaoni sketi hupanda. Akamwita faraghani, akaligeuza pindo la sketi ili aone kama inaweza kushushwa. "Baba," alituambia, "hapakuwa na pindo. Nusu kidole tu." Sare ile ilikuwa imenunuliwa ikiwa tayari, kwa bei ya chini, na mzazi ambaye bila shaka alikuwa na hesabu yake. Fundi wa mji ule aliongeza kipande cha kitambaa kilichokaribiana rangi, na mstari ukaonekana. Msichana sasa anakwenda ubaoni. Tangu hapo, asema binti yetu, wazazi wanapokuja kuandikisha watoto wa kidato cha kwanza, yeye huwaomba wamwambie fundi aache vidole vinne. Na kwa wasio na uwezo, amezungumza na fundi wapokelewe kwa malipo ya vipande vipande.

Basi turudi kwenye swali letu. Je, nguo ya kupimwa inastahili gharama yake? Tunajibu kwamba si kila nguo. Nguo ya kulalia, ya shambani, ya kuchezea, haina haja ya kumsumbua fundi, na mtu asione aibu kuinunua sokoni. Lakini nguo ya kazi, nguo ya shule ya mtoto anayekua, na nguo ya mwili ambao haukufanana na mwili wa wastani, hizo zinastahili, kwa masharti mawili. Fundi atimize ahadi yake, na akate kwa kumfikiria mvaaji wa miaka ijayo. Mteja naye alipe ujira wa haki, na asijisifu kwa kumshusha mtu bei mpaka kwenye pindo. Sharti moja likivunjika, mtumba una haki ya kushinda.

Kwa walimu tunaomba jambo moja. Mnapokagua usafi wa wanafunzi asubuhi, msitazame nje ya nguo tu. Yule mwenye mistari katika suruali yake msimcheke, wala msiwaache wenzake wamcheke. Nanyi vijana, siku mtakaponunua nguo, iwe ya fundi au ya sokoni, igeuzeni kwanza ndani nje, mpime kwa vidole kilichobaki ndani ya pindo. Suruali zetu za kaki zilikwisha zamani. Mama alizikata zikawa vitambaa vya kufutia taa. Kipande kimoja tunacho bado, na mkunjo wake wa tatu unaonekana.